Aliyeokoka Jumapili Jioni, Jumatatu Aende kwa Nani?

Mkutano wa injili ukishakwisha, spika zikapakiwa kwenye lori na jukwaa likafunguliwa nati, hutolewa taarifa. Ndani yake mna siku za mkutano, gharama za vyombo, waliofunguliwa, waliopona, na hesabu ya waliompokea Yesu. Hesabu hiyo husomwa kwa sauti ya juu kuliko nyingine zote, na kina mama hupiga vigelegele. Rudi baada ya mwaka mmoja, uliza kwenye makanisa yaleyale yaliyoandaa ni wangapi kati ya hao bado wanaonekana ibadani. Utajibiwa kwamba kazi ya Mungu haihesabiwi. Kumbe siku ya kufunga mkutano ilihesabika vizuri sana.

Wachungaji wengi huueleza upotevu huo kwa mfano wa mpanzi: mbegu nyingine iliangukia penye mwamba, nyingine kwenye miiba. Maelezo hayo yanafariji kwa sababu lawama yote inabaki kwenye udongo. Ila ukikaa na waliopita mbele kisha wakapotea, sababu wanazozitaja ni za kawaida mno. Namba ya simu iliandikwa vibaya. Alifika kanisani Jumapili mbili, mara zote akasimamishwa kama mgeni, mara zote akaondoka bila mtu kumjua. Darasa la ubatizo liliwekwa Jumamosi asubuhi na yeye ni dada wa kazi. Aliambiwa afunge ndoa kwanza, na mahari haijalipwa.

Hoja yangu ni kwamba mtu anapoamua kumfuata Kristo huachana na watu fulani: kijiwe, wenzake wa pombe, kikoba kinachokutana Jumapili asubuhi, pengine ukoo mzima. Asipopata watu wengine ndani ya wiki chache, hurudi kwa wale wa zamani, na hana kosa, kwa kuwa hakuna anayeweza kuishi peke yake. Kanisa huandaa mafundisho, kwaya na sadaka ya shukrani kwa bidii kubwa, lakini kumtafuta mtu mmoja mwenye jina atakayembeba huyu mgeni huachiwa Roho Mtakatifu.

Tuanze na kadi, maana ndipo mtu anapopotea mara ya kwanza. Kadi inayojazwa uwanjani haikubuniwa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Billy Graham, mhubiri wa Marekani, alimtumia Dawson Trotman, mwanzilishi wa Navigators, huduma ya kuwalea waumini, kupanga ufuatiliaji wa watu waliojitokeza kwenye mikutano yake. Kiini cha kazi ile kilikuwa mshauri aliyefunzwa kukaa na mtu, kuzungumza naye, kuchukua habari zake na kuhakikisha anaunganishwa na kanisa. Sisi tulirithi kadi, mshauri tukamwacha njiani. Uwanja una watu mia tatu mbele ya jukwaa, wahudumu kumi na wawili wenye vitambulisho shingoni, na dakika ishirini kabla jenereta haijazimwa.

Kadi nyingi zina jina, simu, mtaa, na vijisanduku vya kuweka vema: nimeokoka leo, nimerudi kundini, naomba maombi. Hazitoshi. Anuani iliyoandikwa “Mbagala” au “Kawangware” haimfikishi mtu popote. Iandikwe kama mtu anavyomwelekeza bodaboda: nyuma ya mashine ya kusaga, geti la bluu, ulizia kwa mama fulani. Namba ya simu huandikwa huku kwaya ikiimba na spika zikinguruma. Tarakimu moja ikikosewa, mtu huyo amepotea. Dawa yake haichukui hata dakika: mhudumu abipu palepale, simu iite mfukoni mwa mwenyewe. Kisha aulize jambo ambalo karibu hakuna kadi inayoliuliza, yaani simu hii ni ya nani, na je, mtu wa kanisa anaweza kupiga na kujitambulisha wazi? Wapo wanawake wanaotoa namba ya mume. Wapo vijana wanaotoa namba ya kaka asiyejua kwamba mdogo wake alikuwa uwanjani. Simu ya “Bwana Yesu asifiwe, tunakufuatilia kuhusu wokovu wako” ikipokelewa na mtu mwingine inaweza kuleta kipigo.

Kadi zigawanywe usiku uleule, mezani, kwa mitaa, na kila bunda lisainiwe na anayelichukua. Mahali pengi kamati ya maandalizi ni ya makanisa kadhaa, na ugomvi huanza hapo: kanisa lililochangia zaidi hudai kadi nyingi zaidi. Wakati wanavutana, kadi zinakaa kwenye begi la katibu hadi kikao cha tathmini, wiki ya tatu. Kigezo kinachofaa ni umbali wa nyumba na kanisa, basi. Mtu wa Tandika hatapanda daladala mbili kila Jumapili kwenda Kimara eti kwa sababu Kimara walilipia jukwaa.

Saa 48 za kwanza ni za simu, na wiki ya kwanza ni ya kutembelewa. Waende watu wawili, mmoja wao awe wa jinsia yake na wa umri unaokaribiana naye. Nusu saa inatosha. Wasibebe bahasha, wasikemee pepo sebuleni, wasianze kuhoji ndoa. Waulize anaamkaje, anafanya kazi gani, siku gani yuko huru, nani ndani ya nyumba anajua na nani hajui. Kabla ya kuondoka waseme mmoja wao, kwa jina, atampitia Jumapili na wataongozana. Kumwambia “karibu sana kanisani” hakumfikishi. Kumpitia saa mbili kasoro mlangoni kwake kunamfikisha.

Jambo hili lina umri wa kanisa lenyewe. Sauli aliporudi Yerusalemu baada ya kumwona Bwana njiani, alijaribu kujiunga na wanafunzi, nao wakamwogopa, wala hawakusadiki kwamba ni mwanafunzi. Matendo 9 inasema Barnaba alimtwaa, akampeleka kwa mitume, akawaeleza habari zake. Mitume walikuwepo, kanisa lilikuwepo, mafundisho yalikuwepo, na bado mtu alibaki nje mpaka mmoja alipojitolea kusimama naye na kuweka jina lake rehani. Andiko la kale linalohusishwa na Hipolito wa Roma linaonyesha wazo hilo limekwisha kuwa utaratibu: anayeomba kusikia neno aje na waliomleta, nao watoe ushuhuda kama kweli anaweza kulisikia. Muda wa mafunzo uliwekwa miaka 3, lakini mwandishi anaongeza kwamba mwenye bidii hupimwa kwa mwenendo wake. Karibu na ubatizo waliulizwa kama wamewaheshimu wajane na kuwatembelea wagonjwa. Hayo hayajibiki kwa mtihani wa maandishi. Ni lazima awepo mtu aliyekuona.

Kanisa Katoliki limeuhifadhi wajibu huo katika msimamizi wa ubatizo. Sheria ya Kanisa ya 1983 inataka awe ametimiza miaka 16, awe Mkatoliki aliyepata kipaimara na Ekaristi, anayeishi maisha yanayolingana na imani, tena asiwe baba wala mama wa mbatizwa. Anatosha mmoja, au mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Kwenye karatasi ni utaratibu mzuri kuliko wowote tulio nao. Kwenye parokia nyingi hali ni nyingine: msimamizi hutafutwa wiki ya mwisho, mara nyingi mtu mmoja mwenye heshima zake huwasimamia wanane kwa mpigo, hushika bega kwenye Mkesha wa Pasaka, hupiga picha, na baada ya hapo hawajuani hata kwa salamu. Afadhali msimamizi awe mama muuza mboga anayeishi nyumba ya tatu kuliko mwenyekiti wa kamati ya ujenzi anayeishi mjini.

Historia ya pwani na maziwa yetu inathibitisha nguvu ya watu, na hatari zake pia. Mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844, Rebmann akamfuata 1846, wakaweka kituo Rabai. Mtu wao wa kwanza kubatizwa, Mringe, alibatizwa 1851 akiwa mgonjwa wa kufa. Wahubiri walikuwepo miaka yote hiyo na lugha walikuwa wakiijua. Kilichokosekana ni jamii ambayo Mmijikenda angeingia bila kuwa mtu asiye na kwao. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanza Bagamoyo 1868, na Waanglikana walipoanzisha Frere Town ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa miaka ya 1870, walipata waumini kwa kuwapokea watu waliokombolewa utumwani, ambao ukoo wao ulikwisha kukatwa kwa nguvu. Hao walipewa nyumba, shamba, kazi, mchumba na kaburi. Walikaa. Ubaya wake ni kwamba Ukristo uligeuka kuwa mahali pa kuhamia: aliyetaka kuamini huku akiendelea kuishi kwa mama yake hakujua aingilie mlango gani, na aliyekaa ndani ya uzio alimtegemea mmisionari kwa kila kitu, hadi nguo.

Buganda ilikuwa kinyume. Mapadre Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, waliondoka huko Novemba 1882 na hawakurudi hadi 1885. Karibu miaka mitatu waumini wachanga walibaki bila padre hata mmoja, chini ya walei kama Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyekuwa amebatizwa mwaka uleule wa 1882. Mapadre waliporudi walikuta kundi limeongezeka. Baadaye Karoli Lwanga, yeye mwenyewe akiwa na miezi michache tu tangu abatizwe, aliwabatiza wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa) vijana usiku mmoja wa Mei 1886 walipojua kwamba asubuhi watahukumiwa na Kabaka Mwanga, Kizito akiwa miongoni mwao. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, alikuwa ameagiza miaka 4 ya maandalizi kabla ya ubatizo, na nadhani alikuwa na hoja, kwani aliona ubatizo wa harakaharaka ukizaa Wakristo wa jina. Lakini kilichowashika vijana wale mbele ya moto wa Namugongo Juni 3 ni kwamba walikuwa wanafahamiana, wanalala pamoja, wanakula pamoja, na mkubwa wao hakuwaacha.

Mfano wa tatu unatoka Kilimanjaro. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefanya kazi Old Moshi hadi 1938, aliona kwamba Mchaga hakui peke yake. Hukua na ukoo, na jirani, na rika lake. Akawapanga vijana wa kipaimara katika vikundi vidogo vya kuangaliana, kwa kufuata umoja wa rika waliouzoea kwenye jando. Gutmann amelaumiwa, na kwa haki, kwa kuyapenda mambo ya kale kiasi cha kutokuona dunia ilikokuwa inaelekea. Kwa hili la rika lakini alikuwa mbele yetu. Leo tunawaweka vijana 60 kwenye darasa moja la kipaimara, wanakariri, wanavaa nguo nyeupe siku ya sherehe, na Jumapili inayofuata viti vyao vitupu. Wangekuwa wanne wanne, kila kikundi na mzee wake wa kanisa, aliyekosekana angeulizwa na wenzake kabla mwinjilisti hajafungua daftari.

Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Kagera ulifanya jambo hilo bila kamati yoyote. Ndugu walikutana kila wiki, wakaungama mbele ya wenzao, wakasafiri na kulala kwa ndugu wasiowahi kuwaona. Mtu akiokoka alipata nyumba mia za kufikia. Ndugu hao hao wakawa wakali: asiyeshuhudia kwa maneno yaliyozoeleka alihesabiwa bado yuko gizani, na dhambi iliyoungamwa hadharani haikurudi kuwa siri. Kanisa linaloiga uamsho leo liige malazi na chai, na kwenye maungamo liwe na simile.

Turudi kwenye Jumapili ya kwanza. Muumini mzoefu haoni vizingiti kwa sababu amekwisha kuvizoea. Mgeni anasalimiwa “Tumsifu Yesu Kristo” naye hajui aitikie nini. Kitabu cha nyimbo hana, na namba ya wimbo inatajwa mara moja. Inafika sadaka: waumini wanatoka mstari kwa mstari kwenda mbele, na kila mtu anaona nani amebaki kwenye kiti. Mtu asiye na shilingi huenda amekunja ngumi tupu, au hubaki ameinamisha kichwa kama anayesali. Kisha sadaka ya pili. Kisha ujenzi. Kisha mnada wa mkungu wa ndizi na kuku nje ya kanisa. Kwa mtu aliyeambiwa wiki iliyopita kwamba wokovu ni bure, asubuhi hiyo ni ndefu. Aliyempitia nyumbani akikaa ubavuni mwake, akamnong'oneza kwamba leo wewe ni mgeni hupiti mbele, nusu ya mzigo inashuka. Bahasha ya ahadi na fungu la kumi visitajwe kwake kabla hajabatizwa. Nalisema hili nikijua wahasibu wa makanisa hawatalipenda.

Kuhusu kuwasimamisha wageni wajitambulishe, maoni yangu ni kwamba iachwe kabisa, au ifanywe kwa hiari na mara moja tu. Asiyejulikana na kanisa huwa anafahamika na mtu mmoja mle ndani, na mara nyingi huyo ndiye asiyetaka amwone.

Darasa nalo lina mitego. Waprotestanti wengi wa asili ya Kilutheri hufundisha kwa Katekisimu Ndogo ya 1529: Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana, Ubatizo, Meza ya Bwana. Ni mtaala mzuri, mfupi, umepimwa karne tano. Unaharibika pale mtu mzima asiyesoma anapotakiwa kukariri maelezo ya kila amri neno kwa neno mbele ya watoto wa darasa la sita. Mfundishe kwa sauti, ajibu kwa maneno yake, na mweke kwenye kundi la watu wazima. Saa za darasa zifuate kazi za watu: dada wa kazi hupata nafasi Jumapili mchana, bodaboda saa tano asubuhi foleni ikipungua, mlinzi wa usiku jioni kabla ya zamu. Sheria ya “ukikosa mara tatu unaanza upya mwakani” iondolewe. Somo lililokosekana afundishwe na msimamizi wake nyumbani.

Wakatoliki wanayo ratiba iliyopangwa vizuri zaidi, iliyorudishwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano na kutolewa kama ibada kamili 1972. Mtu hupokelewa kwanza kama mkatekumeni mbele ya jumuiya. Jumapili ya kwanza ya Kwaresima jina lake huandikwa kati ya wateule. Jumapili ya 3, ya 4 na ya 5 husaliwa sala za kumchunguza na kumtia nguvu. Mkesha wa Pasaka hupewa ubatizo, kipaimara na Ekaristi usiku mmoja. Zinafuata siku 50 hadi Pentekoste za kumwingiza ndani zaidi katika mafumbo aliyoyapokea. Hapo kwenye siku 50 ndipo parokia nyingi hukata kamba. Katekista amechoka, mvua za masika zimeanza, mashamba yanasubiri, na mbatizwa anaonekana amekwisha kuhitimu. Wanaoacha baada ya kubatizwa ni wengi kuliko tunavyokiri, na wengi wao huacha katika kipindi hicho, wakati ambapo hakuna tena darasa la kuwaita na bado hakuna jumuiya iliyowazoea. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipoamua katikati ya miaka ya 1970 kujenga Kanisa juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo, walikuwa na jibu la pengo hilo: majirani wanaokutana nyumba kwa nyumba kila wiki. Basi mkatekumeni aanze kuhudhuria jumuiya ya mtaani kwake tangu mwezi wa kwanza. Asisubiri cheti. Zamu ya kukaribisha sala ikifika nyumbani kwake, apewe, hata kama hana viti, viti huazimwa.

Ndoa ndiyo kizingiti kinachowashinda wengi zaidi, na makanisa yetu hupenda kukikwepa. Mwanamke anaishi na mwanamume miaka sita, watoto watatu, ameamini. Anaambiwa hawezi kubatizwa wala kushiriki Meza hadi wafunge ndoa. Mwanamume hana pingamizi, ila mahari bado, na baba mkwe hasogei. Hapo mwinjilisti huinua mikono. Kumbe Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema ndoa iliyotimiza masharti mengine ni halali hata kama desturi ya mahari haikutimizwa, na notisi inayotakiwa ni siku 21. Sheria hiyohiyo humchukulia mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi, wakajulikana hivyo kwa watu, kuwa ni mke na mume hadi ithibitishwe vinginevyo. Sisemi wakwe wapuuzwe. Ila wazee wawili wa kanisa wakienda kwa baba mkwe wakiwa wamejipanga, wakaomba mahari ilipwe kidogo kidogo na ndoa ifungwe sasa, mara nyingi anakubali, kwa kuwa anachokitaka ni heshima ya kuendewa. Na harusi si lazima iwe na kamati ya vikao kumi na ukumbi. Ibada ya Jumamosi asubuhi, mashahidi, pilau ya jirani. Kanisa linalodai ndoa huku likikubali mashindano ya harusi ndani ya waumini wake linawafungia maskini mlango kwa mkono wa pili.

Mitala ni ngumu zaidi. Maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth 1888 waliamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe. Lambeth 1988, karne nzima baadaye, walikubali abatizwe na kupewa kipaimara pamoja na wake na watoto wake wanaoamini, kwa sharti kwamba asioe tena maadamu mmoja wa wake hao yu hai, kusanyiko la mahali pale liridhie, naye asilazimishwe kumwacha mke yeyote kwa sababu ya hasara ambayo mke huyo angeipata. Kanuni ya 1148 ya Kanisa Katoliki inamtaka abaki na mmoja, na kumwagiza askofu ahakikishe wake walioachwa wanapata mahitaji yao kwa haki. Sehemu hiyo ya mwisho husahaulika haraka. Mke wa pili mwenye miaka 50 anarudi kwa kaka zake na furushi, na Jumapili mume anabatizwa kwa shangwe. Atakayemwambia mwanamke yule habari ya upendo wa Kristo ajiandae kwa jibu.

Upande wa pwani, Mombasa, Tanga, Zanzibar, yapo mambo ya ziada kwa anayetoka katika Uislamu. Katiba za nchi zote mbili zinalinda uhuru wa dini na imani: ibara ya 19 Tanzania, ibara ya 32 Kenya. Lakini katiba hailali naye nyumbani. Kwa sheria ya Kiislamu asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu, na Kenya mirathi ya Mwislamu huongozwa na sheria hiyo; kijana anayejitangaza anaweza kupoteza fungu lake la shamba la baba siku hiyohiyo. Hayo aelezwe kabla, na mtu anayeyajua. Kosa baya kuliko yote ni kumpandisha jukwaani atoe ushuhuda wiki ya pili, video ikarushwa mtandaoni na jina lake la zamani limeandikwa kwa herufi kubwa. Kanisa limepata watazamaji, naye amepoteza mama. Jina halihitaji kubadilishwa haraka, kanzu si dhambi, na siku ya Idi aende akale na wazazi wake. Mkutano wa neno unaomsukuma atukane imani ya waliomlea unamfundisha kitu kingine, siyo Injili.

Jambo moja halina mjadala. Wengi huja kanisani wakitafuta uponyaji, na hakuna ubaya. Mhudumu asimwambie mtu yeyote aache ARV, dawa za kifafa au insulini kwa jina la imani. Anayemtembelea amuulize kama anatumia dawa na kama kliniki yake iko siku za ibada, ili asilazimike kuchagua.

Wapo pia wasio wachanga kabisa: aliyebatizwa kwingine na sasa anahamia. Mkatoliki na Mlutheri hawambatizi tena aliyebatizwa kwa maji kwa jina la Utatu. Wapentekoste wengi hutaka ubatizo wa maji mengi. Kila upande una hoja zake na hazitamalizwa hapa. Kinachowezekana leo ni barua. Anayehama aombe barua ya utambulisho, na mchungaji aliyeachwa aitoe ndani ya wiki, hata kama moyo unamuuma. Kumnyima ni kumfanya aanze kwa uongo.

Kuhusu daftari la kanisa, nashauri liwe na safu tano tu kwa kila aliyeamini: siku aliyoamua, siku aliyotembelewa mara ya kwanza, jumuiya au kikundi alichomo, jina la anayemtembelea sasa, na siku alipoonekana mara ya mwisho. Taarifa ya mwaka isomwe kutoka hapo, badala ya bunda la kadi. Safu ya nne baraza la wazee liisome kwanza, na ikiwa tupu katibu aulizwe palepale, kabla ya kufika kwenye taarifa ya fedha.